Vilima Viwili kwenye Peptidi Moja

Nilirudi Amu, mji ambao wengine huuita Lamu, mwezi wa Rajab na begi moja la nguo, kompyuta moja, na vipimo vya mwaka mzima ambavyo mwalimu wangu alikuwa na shaka navyo. Nilikuwa nikisomea shahada ya uzamivu ya kemia ughaibuni. Kibali changu cha kukaa huko kilikuwa kimekwisha, na ofisi inayohusika ikaniambia nikasubiri kipya nyumbani kwetu. Walisema wiki sita. Nilikaa miezi minne, na hiyo miezi minne ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Mamangu hakujaribu kuificha furaha yake. Yeye ni mshona kofia. Mchana kutwa huketi dakani, pale penye viti vya mawe mbele ya mlango wetu, kofia iko magotini, sindano inaingia na kutoka kwenye vitobo ambavyo mimi sivioni mpaka nisogeze uso. Alinitengea nafasi kando yake, akaniwekea mto, akasema, "Kibali kitakuya chenyewe. Wewe kula, lala, na hiyo kazi yako ifanye hapa nikuone."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Peptidi ni kipande kifupi cha kile kile kinachojenga nyama ya samaki, ukucha na unywele: asidi amino chache zilizoshikana, moja baada ya nyingine. Zikiwa mamia huitwa protini. Zangu zilikuwa nne tu. Maabara yetu ilitaka kujua kama mnyororo mfupi namna hiyo unaweza siku moja kufanya kazi ya waya katika vyombo vya elektroniki vidogo kuliko chochote kilichomo ndani ya simu. Kwamba elektroni hupita kwenye protini si habari mpya. Hupita ndani ya miili yetu kila tunapovuta pumzi. Tulichokuwa tukitafuta ni namna zinavyopita. Kwenye waya wa shaba elektroni hutiririka. Kwenye mnyororo mfupi kama wangu hazina pa kukanyaga. Elektroni huwa upande huu, kisha ikawa upande wa pili, imepenya, na ukiurefusha mwendo huo kidogo tu, zinazofanikiwa kupenya hupungua vibaya sana.

Ili kupima, mashine hugusisha ncha ya dhahabu kwenye kibao cha dhahabu, halafu huivuta taratibu. Dhahabu hurefuka kama ulimbo, hukatika, na katika ufa mdogo unaobaki, mara nyingine, kwa bahati, peptidi moja hukaa, kichwa huku na mkia kule. Hapo ndipo unaposoma mkondo wa umeme unaopita. Mashine ikizidi kuvuta, peptidi nayo huachia, na kazi huanza upya. Hurudiwa mara elfu nyingi. Vipimo vyote ukivirundika kwenye grafu moja, peptidi ya aina moja inatakiwa itoe kilima kimoja, mahali pale ambapo mkondo huelekea kuangukia.

Yangu ilitoa vilima viwili. Cha kwanza kilikuwa pale tulipokitarajia. Cha pili kilikuwa juu mno, kana kwamba baadhi ya peptidi zangu zilikuwa zimegeuka waya mzuri kuliko inavyowezekana.

Mwalimu wangu, mwanamke mpole wa maneno na mgumu wa hoja, alikuwa ameniambia kabla sijaondoka kwamba cha pili huenda ni uchafu. "Kakae nacho nyumbani," alisema. "Ukirudi uniambie ni kitu gani, au tukifute."

Basi nikakaa nacho dakani.

Haikupita wiki mtaa mzima ukajua kwamba nasomea peptidi. Aliyeisambaza habari ni mamangu, na hakuwa na nia mbaya. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mtu wa rika lake, alikuja asubuhi moja ameficha kitu ndani ya buibui. Aliketi, akauliza hali, akauliza hali ya ughaibuni, akauliza hali ya baridi ya ughaibuni, kisha akatoa kikopo cha krimu ya uso alichotumiwa na bintiye kutoka Mombasa.

"Soma hapa, mwanangu," alisema. "Yasema nini?"

Nikasoma. Iliandikwa kwamba ina peptidi za kuondoa makunyanzi.

"Ndiyo hizo zako?"

"Ni ndugu zake, mama. Lakini kazi mbalimbali. Zangu hazipakwi."

"Zafanya nini?"

"Tunapitisha umeme."

Alikitazama kile kikopo, akakifunga kifuniko polepole, akakiweka mbali naye juu ya jiwe. Mamangu aliinamia kofia yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichojaribu kukimeza. Ilinichukua nusu saa kumhakikishia jirani kwamba uso wake uko salama. Siku zilizofuata wakaja wengine watatu na vikopo vyao, na mmoja aliyetaka kujua kama naweza kumtibu sukari. Niliwajibu wote kadiri nilivyojua, na kusema kweli nilianza kuzipenda zile asubuhi. Maabarani hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali huku amenishika goti.

Wa mwisho kuja alikuwa mjomba wangu, kaka wa mamangu. Yeye ni fundi umeme. Nyumba nyingi za wageni za Shela, kijiji jirani, zina waya zilizopitishwa na mikono yake, na sola za Ras Kitau, ng'ambo ya maji, ni yeye huzihudumia. Nilimbusu mkono, akaketi, akaomba kuiona hiyo grafu ambayo dadake alimwambia inaninyima raha.

Nikamwonyesha. Nikamweleza dhahabu, ufa, peptidi, mkondo. Nilitarajia nirudie mara mbili tatu, lakini mambo ya mkondo alikuwa akiyajua kabla sijazaliwa. Aliuliza swali moja tu, kama mashine hupimwa kwanza bila peptidi. Nikamwambia hupimwa, na bila peptidi hakuna kilima hata kimoja. Akaiweka miwani juu ya paji la uso.

"Ni munyu," alisema. Munyu ndivyo sisi huku tuitavyo chumvi.

"Mjomba, hakuna chumvi kwenye ule mchanganyiko."

"Kila pahali pana munyu. Nimefungua inveta mpya ya sola, iko ndani ya kartoni, nikaikuta na munyu."

Nikamweleza kwamba maabara yetu iko mbali na bahari, na kwamba tunaosha vyombo kwa namna fulani na fulani. Alinisikiliza kwa adabu yote. Alipokuwa akivaa viatu aliniambia nikaoshe tena.

Wiki ya tatu barua ya mwalimu ikafika. Alikuwa amenipangia kikao na jopo la walimu watano, kwa video, wiki chache baadaye. Nilitakiwa kuwaeleza matokeo ya mwaka. Kuhusu kilima cha pili alikuwa ameongeza wazo jipya: pengine mara nyingine peptidi mbili huingia kwenye ufa kwa pamoja, zikapitisha mkondo kwa pamoja. Kama ni hivyo, alisema, tukiondoe kwenye ripoti, tuendelee na kilima cha kwanza peke yake.

Lilikuwa wazo la mtu mwenye uzoefu, nami nililikubali mara moja. Nikaanza kuandika ripoti yenye kilima kimoja. Niliandika vizuri, bila makosa, na kila nilipomaliza ukurasa nilihisi kama nimefagia taka chini ya jamvi. Mamangu aliona. Alichofanya ni kumwambia kaka yake anichukue nje.

"Mtoto amekuwa rangi ya jivu," nilimsikia akimwambia mlangoni. "Mpe kazi ya mikono."

Ndivyo nilivyojikuta kwenye boti asubuhi, nimepakata sanduku la vyombo vya mjomba, tunaelekea Ras Kitau. Hoteli ndogo moja ya huko ilikuwa ikizimikiwa taa kila alasiri ingawa betri zimejaa. Kazi yangu ilikuwa kushika mita na kusoma kwa sauti huku mjomba akigusa viungio kimoja kimoja nyuma ya banda la betri.

Tulikipata kiungio kibovu saa tano. Ndani yake kulikuwa na unga mweupe uliokula shaba mpaka ikabaki uzi. Mjomba alikichomoa, akakitia kwenye kiganja changu kama mtu anayekabidhi zawadi.

"Waona," alisema.

"Naona, Mjomba."

"Nini hicho?"

"Munyu."

Aliridhika. Akakata waya, akatia kiungio kipya, akakifunika kwa grisi, na taa zikawaka na kubaki zimewaka. Mpishi wa pale akatuletea mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, tukala tumeegemea ukuta wa banda. Kwa sababu ya kushiba, au kwa sababu mikono yangu ilikuwa michafu na moyo mwepesi, nikamsimulia habari ya barua: kwamba mwalimu wangu anadhani ni peptidi mbili zilizoingia pamoja.

Mjomba aliacha kutafuna.

"Mwalimu wako amesoma kweli?"

"Amesoma sana."

"Basi nisomeshe na mimi. Nyaya mbili za namna moya ukizilaza sambamba, mkondo waongezeka mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na kilima chako cha pili kiko yuu ya kile cha kwanza mara ngapi?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelijua mwaka mzima. "Zaidi ya mara kumi," nikasema.

"Kwa hivyo zaingia nyaya kumi kwa pamoja, pahali ambapo wewe mwenyewe waniambia moya ni bahati." Akarudi kwenye samaki wake. "Siyo. Hiyo siyo."

Nilikaa na kipande cha mkate mkononi. Hesabu aliyoifanya ni ya fundi yeyote, na mimi ningeweza kuifanya siku ile ile barua ilipofika. Sikuifanya kwa sababu aliyeleta wazo alikuwa mwalimu wangu, na mimi nililelewa kutomrudishia mwalimu maneno. Niliona haya kidogo, na chini ya haya hiyo kulikuwa na furaha, kwani kama si uchafu na si peptidi mbili, basi kile kilima kilikuwa kitu.

"Sasa ni nini, Mjomba?"

"Nimeshakwambia," alisema. "Ni munyu."

Njiani kurudi nilikuwa nikiwaza kwamba kwa mnyororo mfupi kama wangu, njia ya kupandisha mkondo mara kumi ni moja tu ya wazi: kufupisha mwendo ambao elektroni inapaswa kupenya. Lakini peptidi ilikuwa ile ile. Itafupikaje?

Nyumbani nikafungua vipimo upya. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikiangalia rundo tu, kile kilima kinachotokea baada ya kila kitu kuchanganywa. Sasa nikaanza kuangalia mstari mmoja mmoja, kila mvuto wa ncha ya dhahabu na historia yake. Mamangu akishona, mimi nikipekua. Mingi ilionyesha mkondo wa chini peke yake. Baadhi ilionyesha wa juu peke yake. Siku ya pili macho yalianza kuuma, mamangu akaniamuru niyaoshe kwa maji baridi. Siku ya tatu, baada ya chai ya saa nne, nikakuta mstari mmoja ulioanza juu, ukakaa hapo kidogo, kisha, ncha ilipozidi kuvutwa, ukashuka kwa ghafla mpaka chini, ukakaa tena, ndipo ukakatika.

Nikatafuta mwingine, nikaupata. Nikapata wa tatu. Kufikia adhuhuri nilikuwa na ukurasa mzima. Nikajaribu kujikosoa: nikatafuta iliyoanza chini ikapanda juu. Ilikuwako michache mno, na mingi kati ya hiyo ilikuwa na kasoro nyingine.

Maana yake ilinijia bila kishindo. Peptidi ile ilikuwa inaingia kwenye ufa ikiwa imejikunja. Ikiwa imejikunja hivyo, mwanzo wake na mwisho wake vinakaribiana, na elektroni inapenya mwendo mfupi. Dhahabu ikizidi kuvutwa, peptidi inanyooka, mwendo unakuwa mrefu, mkondo unaanguka. Kilima cha pili kilikuwa ni umbo. Molekuli moja, maumbo mawili.

Nilimweleza mamangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilinyoosha kidole, nikamwonyesha umbali kutoka ncha hadi kiganja, kisha nikakikunja. Alikitazama kidole, akatazama uso wangu.

"Na hilo lafaa nini?"

"Lafaa kwamba tukitaka waya mzuri wa peptidi, si lazima tubadilishe kilichomo. Twaweza kuupinda."

Alifikiri. "Mwalimu wako atakubali?"

"Sijui."

"Mwandikie kabla ya alasiri. Jambo la kweli usililaze."

Nilimwandikia. Niliandika kwa heshima, nikaweka hesabu ya nyaya sambamba, nikaambatisha ile mistari yenye ngazi mbili. Jibu lilikuja kesho yake, fupi. Alisema hesabu ni sahihi na alipaswa kuiona mwenyewe. Halafu akasema picha nzuri si ushahidi. Nitengeneze peptidi isiyoweza kunyooka, na nyingine isiyoweza kukunjika, nizipime zote mbili. Kama nimesema kweli, ya kwanza itatoa kilima cha juu peke yake na ya pili kilima cha chini peke yake.

Ilikuwa sawa kabisa, na sikuwa na namna ya kuifanya nikiwa Amu. Nikamwomba mwenzangu wa maabara, mwanafunzi tuliyeanza naye siku moja, mtu wa kulalamika mdomoni na kutenda kwa mikono. Alilalamika kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, kisha akauliza mpangilio wa asidi amino ninaotaka. Kwa ile isiyonyooka nilichagua kuweka katikati prolini, ambayo kwa maumbile yake huupinda mnyororo. Kwa ile isiyokunjika, prolini tupu kwa mpangilio unaosimama wima kama kijiti. Asidi amino ile ile, mahali tofauti, kazi kinyume. Nilimwandikia kila kitu mara mbili ili pasiwe na makosa.

Wakati huo wote sikuweza kufanya lolote, kwa hivyo nilimfuata mjomba. Tulikwenda Shela mara tatu na Ras Kitau tena mara moja. Nilijifunza kuvua ganda la waya bila kukata nyuzi zake, na nilijifunza kwamba mjomba huimba anapokosea. Alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Hawajaosha?" nami nikimjibu kwamba wanapima, na yeye akisema kupima si kuosha.

Siku ya kikao stima zilipotea Amu tangu asubuhi. Mjomba hakushtuka. Alisema kuna nyumba ya wageni Shela ambayo sola zake alizitia yeye, na msimamizi wake, bibi mmoja mwenye utaratibu wake, angetupa chumba cha juu. Tukaenda. Yule bibi alitupokea, akafuta meza iliyokuwa tayari safi, akaniletea maji ya ndimu, akafunga dirisha la upande wa upepo. Nilikuwa sina matokeo bado. Nilikuwa na hotuba mbili kichwani, moja ya kutetea na moja ya kuomba muda.

Simu ililia nikiwa nafungua kompyuta. Mwenzangu alikuwa ametuma picha mbili bila neno. Mtandao ulikuwa mzito. Ya kwanza ilifunguka ukungu, kisha ukungu ukatulia. Prolini iliyopindwa: kilima kimoja, juu. Nikangoja ya pili. Ile ya kijiti: kilima kimoja, chini.

Nilikaa nikizitazama mpaka mjomba akauliza kama nimepata habari mbaya. Nikasema hapana. Nikasujudu pale pale sakafuni, sijda ya shukrani, nikainuka, nikapangusa paji la uso, nikaingia kikaoni.

Nyuso tano zilikuwa zimekwisha kujipanga kwenye kioo. Nilizungumza bila hofu kwa mara ya kwanza tangu niingie chuo. Niliwaonyesha vilima viwili, nikawaambia kwa nini si uchafu na kwa nini si molekuli mbili. Nilikuwa katikati ya mistari yenye ngazi pale adhana ya adhuhuri ilipoanza, kutoka msikiti ulio karibu kabisa na ile nyumba. Nikaomba radhi, nikanyamaza. Wale watano nao wakanyamaza. Mmoja aliinamisha kichwa, mmoja akaenda kujazia kikombe chake akarudi. Muadhini alipomaliza, mwalimu wangu alisema, "Endelea, tupo," nami nikaendelea kutoka pale nilipoachia.

Niliweka picha mbili za asubuhi mwisho. Hapakuwa na makofi, watu wa kazi ile si wa makofi, lakini waliegemea mbele wote. Kisha mzee mmoja wa jopo, anayejulikana kwa kuwatoa watu jasho, akaniuliza kama kuna uwezekano kwamba chumvi iliyobaki kwenye mchanganyiko ndiyo iliyopandisha mkondo.

Kikao kilikuwa kwa Kiingereza, na mjomba, aliyekuwa amesimama nje ya jicho la kamera akiilinda betri ya sola, Kiingereza chake ni cha mita na maboksi. Lakini neno la chumvi alilijua. Niliona kwa pembe ya jicho akinyoosha mgongo, akikunja mikono kifuani, akingoja nijibu. Ilibidi nijikaze nisicheke. Nikamweleza yule mzee kwamba mchanganyiko wetu hauna maji wala chumvi, kwamba bila peptidi hakuna kilima, na kwamba chumvi isingejua kuchagua kati ya prolini iliyopindwa na prolini iliyosimama. Mzee alisema swali lake limejibiwa. Mjomba hakuonekana kuridhika hivyo.

Mwalimu wangu ndiye aliyesema la mwisho. "Kilima cha pili kibaki," alisema, "na ripoti iandikwe upya kukizunguka hicho."

Tulikula mchana pale Shela, wali na samaki wa kupaka, na yule bibi akakataa kabisa tuinuke bila kuongeza. Nilimpigia mamangu. Nilisikia akimwambia mtu aliye kando yake, bila shaka jirani, kwamba peptidi zimekubali kupindwa. Kisha akaniuliza kama nitafika kabla ya alasiri, maana kuna kofia ya mteja anataka niipeleke.

Kibali kilitoka baada ya Idi. Mamangu alinifungia maandazi, mjomba akanisindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Manda akiwa amevaa kanzu, jambo ambalo siku ya kazi halifanyi. Aliniambia nisiache kupima mara mbili.

Makala ilitoka mwaka uliofuata. Sitaki kuikuza, hakuna simu iliyotengenezwa kwa peptidi, na huenda mimi nisiione. Mkondo unaopita ni mdogo sana, na molekuli hizo ni dhaifu, joto kidogo huzisumbua. Tulichokipata ni kwamba kwenye mnyororo mfupi, umbo linaweza kuamua zaidi kuliko viungo vyake, na kwamba umbo hilo mtu anaweza kulichagua. Wengine sasa wanalitumia jambo hilo kupanga peptidi zao, na hilo hunifurahisha kila ninapolikuta.

Mwishoni mwa makala kuna mahali pa shukrani. Nilimshukuru mwalimu wangu, mwenzangu wa maabara, na mjomba wangu, fundi umeme wa Amu, kwa hoja ya nyaya sambamba. Mhariri aliandika kuuliza mjomba wangu ni wa taasisi gani. Nikamjibu kwamba hana taasisi, ana sanduku la vyombo. Wakaiacha kama nilivyoandika.

Nakala niliipeleka mwenyewe likizo iliyofuata. Mjomba alinipa niusome ule mstari mbele ya rafiki zake watatu barazani, kwanza kwa Kiingereza na kisha kwa lugha yetu. Wakabishana kama neno la Kiingereza nililotumia linamtosha fundi au linamfanya mbeba nyaya. Mmoja akataka kujua kama hao wazungu walilipinga jina la Amu. Nikasema hawakulipinga. Mjomba alichukua makala, akaangalia grafu badala ya maneno, akapitisha kidole juu ya kilima cha kwanza, akapanda cha pili.

"Na nne hizi ukizifanya kumi na mbili?" aliuliza.

Nikamwambia kwamba kwa mnyororo wa asidi amino kumi na mbili elektroni haiwezi tena kupenya kwa mara moja, inabidi iruke kituo kwa kituo, na kwamba hiyo ndiyo kazi niliyoianza mwaka huu na bado sielewi vizuri inavyokwenda. Alisogea kwenye jiwe, akanipa nafasi, akaniita kwa mkono, akasema, "Ndoo ukae, nieleze."